NG'OMBE WETU NA "COW" WAO

Imekuwa desturi sasa, katika madarasa mengi ya Kiswahili hapa Bujumbura, kufundisha msamiati kwa safu. Mwalimu hupiga mistari ubaoni, akaandika neno la Kiingereza upande wa kushoto na la Kiswahili upande wa kulia. La Kifaransa na la Kirundi hufuata ikiwa nafasi imebaki. "Cow" ni ng'ombe, "dog" ni mbwa, "goat" ni mbuzi. Wanafunzi hunakili, hukariri, hutahiniwa, na kila mtu hurudi nyumbani akiamini kwamba kazi imefanyika. Sisi twasema kazi haikufanyika. Twasema tena, bila ya kuwaonea haya wenzetu tunaowaheshimu, kwamba desturi hii yaziharibu lugha kadhaa kwa pigo moja, na kwamba inayoumia kwanza ni Kiswahili.

Tutachukua neno moja tu, lile la kwanza. Tumelichagua kwa sababu ni dogo, la herufi tatu, na kila mwalimu hudhani analijua. Na kwa sababu mnyama mwenyewe, katika nchi hii, si mnyama wa kutajwa hivi hivi.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Kwao "cow" si ng'ombe. Kwa maana yake halisi ni ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa. Dume ana jina lake, "bull"; dume aliyehasiwa ana lake, "ox"; jike ambaye bado hajazaa huitwa "heifer", na mtoto huitwa "calf". Wakitaka kuwataja wote kwa pamoja husema "cattle", lakini neno hilo ni la wingi tu, halina umoja. Mwingereza aonaye mnyama mmoja kwa mbali, asijue kama ni dume au jike, hana neno la kila siku la kumwita, ila apotoke kidogo na kusema "cow", nao wenzake humsamehe kwa kuwa nao hupotoka vivyo hivyo. Hapo ndipo ilipo ajabu ambayo safu za ubaoni haziwezi kuionyesha: neno letu la kawaida kabisa, ng'ombe mmoja, halina mwenzake kamili katika Kiingereza. Tumekuwa tukiwaambia watoto kwamba lipo, na liko upande wa kushoto.

Si hayo tu. Neno hilo hutoka zizini likaenda mwituni na baharini. Tembo jike ni "cow", nyangumi jike ni "cow", na sili jike vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba "cow" ni ng'ombe, siku atakapofungua kitabu cha Kiingereza kinachoeleza maisha ya nyangumi, atamwona ng'ombe akiogelea. Atacheka, au atadhani kitabu kimekosewa. Kosa si la kitabu.

Neno "cattle" nalo lina historia ambayo Mrundi angeifurahia kuliko Mwingereza. Lilitoka katika Kifaransa cha Wanormani, na maana yake ya kwanza ilikuwa mali. Ni ndugu wa neno "capital", yaani mtaji. Warumi nao fedha waliiita pecunia, jina lililotokana na pecus, maana yake mifugo. Watu hao wote walipata kuhesabu utajiri kwa pembe kama walivyouhesabu wazee wetu, ila wao wamesahau, na lugha yao ndiyo iliyobaki kuwa shahidi. Tena baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 mnyama alibaki na jina la Kiingereza malishoni, kwa kuwa mchungaji alikuwa Mwingereza, lakini nyama yake ilipofika mezani pa bwana ikapata jina la Kifaransa, "beef". Kiswahili hakikupatwa na msiba huo. Sisi husema nyama ya ng'ombe, na kila alaye ajua alichokula.

Liko pia tendo, "to cow", ambalo ni kumtia mtu hofu mpaka akanywea. Wanaochunguza asili za maneno wasema hilo silo neno lile lile, bali lilitoka katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia kwa maana ya kukandamiza, likakutana na ng'ombe njiani kwa sauti tu. Twalitaja kwa ufupi ili kuonyesha kwamba hata mahali ambapo Mwingereza hasemi habari ya mnyama, safu yetu ingali ikimlazimisha mtoto amfikirie mnyama. Mwisho liko tusi: mwanamke wa Kiingereza akiitwa "cow" amevunjiwa heshima, wala hakuna awezaye kumwambia kwamba amesifiwa.

Sasa turudi kwetu.

Ng'ombe wa Kiswahili ni jina la jamii nzima, dume na jike, mzee na mchanga. Ukitaka kupambanua, lugha ina maneno yake: fahali ni dume, maksai ni dume aliyehasiwa, mtamba ni jike aliyekua lakini hajazaa, mbuguma ni jike aliyekwisha kuzaa, ndama ni mtoto. Twauliza kwa moyo mweupe: ni walimu wangapi kati yetu waliopata kuandika neno mbuguma ubaoni? Na hilo ndilo lililo karibu zaidi na "cow" kuliko jingine lolote. Limo katika kamusi, limelala huko, na hakuna aliamshaye, kwa kuwa safu ya kushoto imekwisha kujazwa na safu ya kulia imekwisha kujibu.

Tazama Kirundi. Inka ni jina la jamii nzima. Fahali ni impfizi, mtamba ni ishashi, ndama ni inyana. Mpango ni ule ule wa Kiswahili: jina moja kubwa lisilouliza habari ya uume na uke, na chini yake majina madogo yanayopambanua. Mtoto wa Kirundi aingiapo darasani huwa amekwisha kuubeba mpango huo kichwani, ameupata kwa bibi yake bila ya ada wala daftari. Kazi ya mwalimu ilikuwa ni kumwambia tu kwamba Waswahili nao hupanga hivyo hivyo, kisha ampe majina. Badala yake twamchukua mtoto huyo mpaka London, tukamwonyesha mpango mwingine kabisa usiofanana na wake wala na wa Kiswahili, halafu twamrudisha Buyenzi tukidai kwamba tumemfikisha.

Hayo ni ya maana ya wazi tu. Maana za ndani ndizo zenye hatari.

Kila aliyekulia Burundi ajua kwamba katika maamkizi ya jadi mtu humwambia mwenziwe "Amashyo", akimtakia makundi ya ng'ombe. Ajua kwamba msichana akisifiwa uzuri huambiwa ana amaso y'inyana, macho ya ndama. Ajua kwamba katika sherehe ya inkwano, ambayo Waswahili wangeiita mahari, ng'ombe hutajwa, husifiwa, huombwa na hutolewa kwa maneno marefu, hata siku hizi ambapo mara nyingi kinachopita mkono kwa mkono ni bahasha ya noti. Noti zimechukua mahali pa ng'ombe, lakini hazikuthubutu kuchukua jina lake. Tazama basi neno hilo lilivyo zito: fedha yenyewe huomba ruhusa ya kuitwa ng'ombe.

Katika Kiswahili cha pwani hali ni nyingine. Mtu akiambiwa "Ng'ombe wewe!" katika mitaa ya Mombasa au ya Dar es Salaam ameambiwa kwamba ni mjinga, mzito wa kufahamu. Kijana wa Bujumbura anayekwenda huko kutafuta masomo au biashara, akiwa na Kiswahili cha safu, hana ajualo katika hayo. Akimsifu binti wa watu kwa macho ya ndama, asishangae akijibiwa kwa ukali. Na akiitwa ng'ombe, huenda akatafuta kwanza ni heshima gani aliyopewa. Twacheka, lakini jambo hili si la kucheka tu. Mwalimu aliyemfundisha neno bila ya kumfundisha uzito wake amempa kisu bila ya kumwonyesha upande wenye makali.

Isidhaniwe kwamba pwani ng'ombe ni tusi na basi. Methali za Kiswahili zamheshimu mno mnyama huyu, au tuseme zaijua hali yake kwa karibu. Ng'ombe haelemewi na nunduye: maneno hayo huambiwa mzazi anayelea wanawe kwa taabu, wala hakuna anayefikiri habari ya ujinga. Fahali wawili hawakai zizi moja: ni siasa tupu. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na hapa Bujumbura, mji ambao watu wake wengi wamepata kuihama na kuirudia nchi yao, ni nani anayehitaji kufafanuliwa methali hiyo? Iko na ile ya ng'ombe wa maskini, kwamba hazai, na akizaa huzaa dume. Mtoto wa Kirundi huielewa papo hapo, kwa maana ajua kwao ndama jike ni nini. Mtoto aliyepitishwa katika "cow" atakwama, kwa kuwa "cow" asiyezaa si "cow" hata kidogo.

Na walimu wa Buyenzi wasisahau waliyo nayo mkononi. Sura ya pili ya Kurani, iliyo ndefu kuliko zote, yenye aya 286, huitwa Al-Baqara, yaani Ng'ombe. Na ng'ombe anayesimuliwa humo ni yule ambaye Wana wa Israili waliamriwa kumchinja, wakauliza na kuuliza tena ni wa namna gani, wakaambiwa asiwe mzee wala asiwe ambaye hajazaa bado. Hapo hapo mwalimu anaweza kufundisha tofauti ya mtamba na mbuguma, na wanafunzi wake wataikumbuka maisha. Wale wa shule za Kikristo wanayo ndoto ya Farao katika sura ya 41 ya Mwanzo, ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Tena Biblia mashuhuri ya Waingereza, ile ya mwaka 1611, ilipoisimulia ndoto hiyo haikusema "cows" bali "kine", wingi wa kale ambao leo Waingereza wengi hawautumii tena. Neno lao wenyewe limewabadilikia, nasi twalifanya mzani wa kupimia letu!

Sasa tuseme juu ya magazeti na redio, maana safu za darasani zimekwisha kuzaa matunda huko. Twasoma kwamba kiwanda fulani ni "ng'ombe wa fedha", na kwamba nchi fulani imegeuzwa "ng'ombe wa maziwa" na wageni. Ya kwanza imetoka kwa Waingereza, ya pili kwa Wafaransa. Mwandishi alikuwa na sentensi ya watu mbele yake, akatafuta kila neno katika safu, akaliweka mahali pake kama mtu apangaye matofali, na sentensi ikasimama bila ya kuwa na mkaaji. Mrundi aambiwapo kwamba mtu fulani ni ng'ombe wa maziwa, husikia baraka. Ng'ombe wa maziwa hulishwa kabla ya mwenye nyumba hajala. Hupewa jina, hutajwa kwa sifa, na akifa huliliwa. Sentensi iliyokusudiwa kuwa kilio imemfikia kama hongera.

Kiswahili kina njia yake ya kusema maneno hayo, na ni njia kali zaidi. Kina kukamua na kunyonya. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, siasa ya Tanzania ilieneza maneno unyonyaji, mirija na kupe, hata mtoto wa shule akajua kupe ni nani. Na kupe, msomaji, anakaa wapi? Juu ya ng'ombe. Angalia sasa tofauti ya macho: Mwingereza anayesema habari ya ng'ombe wa fedha anasimama upande wa mwenye ng'ombe, akimpongeza kwa bahati yake, Mswahili anayesema kupe amesimama upande wa ng'ombe. Hizo ni fikira mbili za uchumi, wala si maneno mawili ya fikira moja. Anayeifukuza ya pili ili aikaribishe ya kwanza, kwa sababu tu aliikuta katika gazeti la Kiingereza, yafaa ajue alichokifukuza.

Tumeona pia "ng'ombe mtakatifu", kwa maana ya jambo ambalo watu hawathubutu kulikosoa. Waingereza walilipata wazo hilo kutokana na heshima ambayo Wahindu humpa ng'ombe huko Bara Hindi, wakaligeuza kuwa dhihaka. Sisi hatuna sababu ya kuirithi dhihaka ya watu juu ya dini ya watu wengine. Jambo lisiloguswa, litoshe.

Huko mashuleni nako umeletwa msemo wa Kiingereza wa kungoja mpaka ng'ombe warudi nyumbani, kwa maana ya kungoja muda mrefu usio na mwisho. Ni msemo wa watu ambao ng'ombe wao hurudi wenyewe wakipenda. Wetu walirudishwa na mchungaji kabla ya giza, kila siku, na hiyo ilikuwa saa ya kujulikana kama jua. Na tangu sheria ya mwaka 2018 ilipopitishwa nchini, ikiamuru mifugo ilishwe zizini na kukataza isizurure, ng'ombe wa Burundi hapaswi kutoka, seuze kurudi. Mtoto akifasiriwa msemo huo neno kwa neno afahamu nini?

Twaja kwenye sarufi, ambako wenzetu hudhani hoja yao ndiyo yenye nguvu. Husema: mwache mwanafunzi apite katika Kiingereza, kwa maana Kirundi humpotosha; kwa Kirundi atasema "ng'ombe yangu inakula". Ni kweli husema hivyo. Kirundi husema inka yanje, nayo inka huandamwa na viambishi vya ngeli yake, si vya watu. Kiswahili cha mitaani, huku na ng'ambo ya Rusizi, hufuata mkondo huo huo. Kiswahili sanifu chataka ng'ombe wangu anakula, kwa kuwa viumbe vyenye uhai huingizwa katika upatanisho wa a na wa. Basi twauliza: Kiingereza kitamsaidiaje mwanafunzi huyu? Kiingereza husema "my cow", "my house", "my child", kwa kivumishi kimoja kisichojali kitu. Hakina ngeli. Anayetaka kumfundisha mtu tofauti ya wangu na yangu kwa lugha isiyoijua tofauti hiyo ni kama anayemfundisha mtu rangi gizani.

Kirundi ndicho kinachoweza kumsaidia, kwa sababu Kirundi chajua ngeli ni nini. Mwalimu amwambie mwanafunzi waziwazi: wewe wasema inka yanje, Mswahili sanifu amempandisha mnyama huyu daraja akamweka pamoja na watu, sema ng'ombe wangu. Mwanafunzi ataelewa mara moja, naye labda atafurahi kwamba ng'ombe amepewa heshima hiyo. Kisha mwalimu amwonyeshe kwamba katika wingi hata Kiswahili sanifu hukubali kusema ng'ombe zangu wamerudi, na hapo mwanafunzi atasikia mwangwi wa inka zanje. Hili ni somo la dakika 20. Kwa njia ya Kiingereza ni la mwaka mzima, na mwisho wake ni kukariri.

Matamshi nayo yanahitaji sikio la hapa. Wanafunzi wetu wengi husema "ngombe", kama wasemavyo wa Kongo, kwa kuwa sauti ile ya mwanzo haikuzoeleka katika ulimi wa Kirundi mbele ya irabu. Safu ya Kiingereza haina la kusema juu ya hilo. Mwalimu ajuaye Kirundi anaweza kuchukua neno ngombwa, maana yake lazima, akalitamka mbele ya darasa, kisha akatamka ng'ombe, tena na tena, mpaka kila mtu asikie kwamba la kwanza lina g na la pili halina. Darasa litacheka, na ulimi utalegea.

Wako watakaotujibu kwamba tumelala na dunia imekwenda. Watasema Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwamba mwaka 2014 sheria ya lugha ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na kwamba wazazi wanakitaka. Hatukatai hata moja. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, na mwalimu wake awaeleze watoto "cow" ni nini kwa Waingereza, pamoja na nyangumi wake. Tunachokikataa ni Kiswahili kufanywa mlango wa nyuma wa darasa la Kiingereza. Inasikitisha kuona lugha mbili zilizoingizwa shuleni katika miaka ile ile zikitendewa kana kwamba moja ni mama na nyingine ni mtoto aliyebebwa mgongoni.

Maana Kiswahili hakikuletwa Bujumbura na Kiingereza. Kilifika kandokando ya Ziwa Tanganyika kwa misafara iliyotoka pwani kupitia Ujiji, kabla ya bendera ya Wajerumani. Wajerumani wakakikuta na kukitumia. Rumonge na Nyanza-Lac kimesemwa kwa vizazi. Buyenzi kimezaa watoto na wajukuu. Kwa muda mrefu kilidharauliwa, kikaitwa lugha ya sokoni, na neno umuswahili likawa, katika vinywa vya watu wengi, jina la mjanja asiyeaminika. Wazee wa Buyenzi waliibeba dharau hiyo na lugha hawakuiacha. Leo lugha hiyo hiyo yakaribishwa shuleni, na kwa cheti gani? Kwa cheti cha tafsiri ya Kiingereza! Mzee wa Buyenzi aliyetumia neno ng'ombe maisha yake yote hakuulizwa. Aliulizwa mtunga kamusi.

Na kamusi zenyewe twazisomaje? Zile kubwa za Kiswahili na Kiingereza zilizotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson ni kazi ya kuheshimiwa, lakini zilitungwa kwa ajili ya Waingereza waliotaka kujua Kiswahili, na Mrundi si Mwingereza. Charles Sacleux alituachia kamusi ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka huo huo wa 1939, ambayo kwa utajiri wake wa lahaja inapita nyingi zilizoifuata. Kamusi ya Kirundi na Kifaransa ya F. M. Rodegem ilitoka mwaka 1970. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifanya lile ambalo sisi twaomba lifanyike darasani: ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Imepita miaka zaidi ya 40 tangu itoke, na bado kuna walimu wa Kiswahili ambao kamusi yao ya kwanza, na pengine ya pekee, ni ya Kiingereza.

Vitabu vya kiada twavitoa Kenya na Tanzania, na hatuna neno baya juu yake. Lakini viliandikwa kwa ajili ya watoto wanaokisikia Kiswahili barabarani tangu asubuhi. Mtoto wa Nairobi anaweza kuonyeshwa "cow" bila ya madhara makubwa, kwa kuwa ng'ombe wa Kiswahili amekwisha kumjua, na methali zake, na matusi yake. Wa Ngozi au wa Ruyigi hana akiba hiyo. Ana inka. Ukimnyang'anya inka usimpe chochote ila herufi tatu za Kiingereza, umemwacha mikono mitupu kati ya lugha mbili ambazo kwa asili ni za ukoo mmoja.

Twapendekeza basi, nao wenzetu watubishe ikiwa wana la kubisha, kwamba kuanzia muhula ujao orodha ya wanyama wa kufugwa iondolewe katika safu. Somo la ng'ombe lianze kwa inka na yote ambayo wanafunzi wenyewe wayajua juu yake, wayaseme kwa Kiswahili chao kibovu kibovu walicho nacho. Zifuate fahali, maksai, mtamba, mbuguma na ndama, kila moja likilinganishwa na la Kirundi. Zifuate methali nne au tano, na tusi la pwani litajwe waziwazi, lisifichwe kwa adabu ya uongo. Aalikwe mzee mmoja wa Buyenzi aje kusema, alipwe nauli. Katika mtihani, swali la "Tafsiri: cow" lifutwe, mahali pake liwekwe swali linalomtaka mtahiniwa aeleze kwa sentensi tatu tofauti ya mtamba na mbuguma, na mtahini ambaye mwenyewe haijui tofauti hiyo apewe wiki mbili za kuitafuta kabla ya kusahihisha.